Vanishi isiyong'aa imeacha ukungu mweupe kwenye visanamu vya maaskari wa milimita 28 (Tanga, masika). Sababu hasa ni nini?

#1 Mgosi_Ngamiani
Wagosi na wengine wote, salaam. Niende moja kwa moja.

Kikosi ni maaskari 10 Waafrika wa jeshi la Kijerumani, wa vita ya Tanga 1914 dhidi ya Waingereza, milimita 28, wa madini ya bati, kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani wa vikosi vidogo (watu 8 hadi 12 kila upande). Utaratibu: kuoshwa kwa sabuni ya vyombo, praima ya kijivu ya kopo, rangi za akriliki za maji, kivuli cha kahawia (rangi iliyozimuliwa sana ili ijikusanye mikunjoni), mwisho vanishi isiyong'aa ya kupuliza. Vanishi imepulizwa barazani saa 11 jioni, mvua imekatika muda si mrefu. Asubuhi yake ukungu mweupe. Kwenye kaki hauonekani sana, ila vitambaa vya bluu vya miguuni na nyuso ndiyo balaa, utadhani wamepakwa unga wa muhogo. Sita wameharibika, wanne wako sawa. Kopo moja, jioni moja.

Sababu ni nini? Na kuna namna ya kuwaokoa bila kuvua rangi yote?

#2 Kiti_Mbele
Nimekaa hapa, nawasubiri wataalamu.

#3 DoktaTina
Unyevu. Hapo hakuna mjadala.

Kimiminika cha kwenye kopo hukauka kwa kasi, na kikikauka kinaupoza uso wa kisanamu. Hewa ikiwa nyuzi 27 na unyevu asilimia 90, ambayo ni jioni ya kawaida ya masika huku kwetu, uso ukipoa nyuzi 2 tu maji yanaanza kutua juu yake. Unyevu ungekuwa asilimia 60 ingebidi upoe nyuzi 8 kwanza, na haufiki huko. Maji yakinaswa kwenye vanishi ambayo haijashika, utando unakauka ukiwa na vitundu vidogo mno, mwanga unatawanyika, wewe unaona weupe. Mafundi wa rangi za magari wanalijua hili toka enzi, ndiyo maana siku za mvua wanaongeza tina inayokauka taratibu au wanafunga kazi.

#4 BintiChumbageni
Mkuu DoktaTina, maelezo matamu ila hayajibu swali. Wote 10 walikuwa hewa moja, mbona wanne wamepona?

Vanishi isiyong'aa ni vanishi ya kawaida iliyotiwa unga laini wa silika. Huo unga ndio unaovunja mng'ao. Kopo likikaa rafuni muda mrefu unga unatuama chini na kugandamana. Ukitikisa kidogo tu, mwanzo kinatoka kimiminika kitupu, halafu katikati ya kazi unga unaachia na kutoka mwingi kwa mkupuo. Sheria: gololi ya ndani ya kopo ikishaanza kugonga ndipo uanze kuhesabu dakika 2, siyo kabla. Kisha utikise tena kila baada ya visanamu vitatu vinne.

Mgosi, hao wanne waliopona wanang'aa kidogo? Na ni wa kwanza au wa mwisho kupulizwa?

#5 Mgosi_Ngamiani
Wawili wanang'aa kidogo mabegani, wawili hawang'ai. Wote wanne ndio walioanza. Walikuwa wamesimamishwa kwenye ubao mmoja na wenzao, wao upande wa ukutani.

#6 BintiChumbageni
Ndio walioanza. Nimemaliza, mheshimiwa hakimu.

#7 DoktaTina
Upande wa ukutani! Ukuta umepigwa jua mchana kutwa, bado una joto. Karibu na ukuta uso haupoi kiasi kile. Ushahidi ni wangu huo, dada, umeusoma kichwa chini.

#8 UpepoWaKusi
Wote wawili mmesahau upepo. Wale wa ukutani walikingwa, wale wa nje walipigwa.

Vanishi inatakiwa ifike kwenye kisanamu ikiwa bado mbichi ili matone yaungane yawe utando mmoja. Umbali ni sentimita 20 hadi 25. Ukirudi nyuma hadi 40, au upepo ukikatiza, matone yanakauka hewani na yanatua yakiwa vumbi. Weupe wa namna hiyo unautambua kwa kidole: uso unakwaruza kama msasa laini, na weupe umekaa upande mmoja tu, ule uliokabili kopo. Weupe wa unyevu uso wake ni laini na umeenea kote. Mgosi, pitisha ukucha mgongoni kwa askari mmoja utuambie.

#9 BagaBrashi
Kutoka Bagamoyo. Naongeza ya nne: vanishi imekuwa nzito. Watu wanapuliza mpaka kisanamu kionekane kimelowa wakidhani ndiyo ulinzi. Vanishi inateremka kwenye mikunjo, chini ya mkanda, katikati ya vidole, unga wa silika unafuata na kujikusanya huko. Kila mkupuo uanze kabla ya kisanamu na uishie baada yake, usisimamishe kopo juu ya mtu. Mara mbili nyepesi, dakika 20 katikati, basi.

Pima hivi: chovya brashi kwenye maji safi, gusa sehemu nyeupe. Weupe ukipotea na kurudi ikikauka, shida iko juu ya uso na inatibika. Usipopotea, imeingia ndani.

#10 DoktaTina
Kipimo cha maji nakikubali kwa nusu. Unga, vitundu vya unyevu, hata mvuke wa supagluu, vyote vinapotea vikilowa, kwa sababu maji yanajaza mapengo na mwanga unapita. Kwa hiyo kinakuambia panatibika au hapatibiki, hakikuambii nani mkosaji.

#11 FundiKalibu
Amegusia supagluu na ndiko nilikokuwa naelekea. Mgosi, weupe uko wapi hasa? Kama umekusanyika kwenye maungio (mkono na bega, bunduki na kiganja, nyayo na kitako anachosimamia) basi vanishi mnaisingizia. Supagluu inashika kwa kutumia unyevu wa hewani na wa kwenye uso. Pwani unyevu ni mwingi, gundi inakimbia, na mvuke wake unatua pembeni ukiwa unga mweupe. Ukimfungia askari kwenye kasha siku hiyo hiyo uliyombandika, mvuke hauna pa kwenda, unamrudia mwenyewe.

Dawa ni tone dogo. Tone la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha mkono wa 28 mm. Dondosha gundi kwenye kifuniko, chukua kwa ncha ya kijiti cha meno, usikamue chupa moja kwa moja kwenye kisanamu. Kisha acha hewa wazi saa 24 kabla ya praima.

#12 Mgosi_Ngamiani
Mkuu FundiKalibu, hawa wamekuja kipande kimoja, bunduki pekee ndiyo imebandikwa kwa wawili. Weupe umeenea nyuso na miguu.
UpepoWaKusi, wa nje kabisa mgongoni anakwaruza. Wengine wanne laini. Wa sita sielewi, mbele laini nyuma anakwaruza.

#13 Kiti_Mbele
Kwa hiyo kila mtu ameshinda 😂

#14 MajiMatamu
Swali ambalo hakuna aliyeuliza: rangi na kivuli uliyeyusha kwa maji gani? Visima vingi vya mjini maji yake yana chumvi. Kivuli ni rangi kidogo na maji mengi (sehemu 1 kwa 4 au 5). Maji yanaondoka, chumvi inabaki, na inabaki palepale kivuli kilipojikusanya: mikunjo ya kitambaa na usoni. Vanishi ikija juu ndiyo inaionyesha. Tumia maji ya mvua au ya kunywa ya chupa. Pamba iliyolowa maji safi ikiondoa weupe moja kwa moja pale ulipofuta, ujue ni chumvi.

#15 BintiChumbageni
Chumvi chini ya vanishi utaifutaje na pamba? Vanishi ikishafunika umeifungia ndani. Hicho kipimo kinafaa kabla ya vanishi tu.

#16 MajiMatamu
Hapo umenikamata. Lakini maji abadilishe.

#17 Mgosi_Ngamiani
Maji ni ya bomba, siyo ya kisima. Sasa tiba jamani, sababu mtaendelea nayo.

#18 BagaBrashi
Tiba ya kwanza na salama kuliko zote: vanishi ya kung'aa, ya maji, kwa brashi. Laini, iteleze, ijaze mapengo. Sehemu 3 za vanishi kwa 1 ya maji, brashi namba 2 laini, anzia kichwani ushuke, usirudie palipoanza kushika. Weupe utapotea mbele ya macho yako. Acha hadi kesho yake. Halafu rudisha isiyong'aa, safari hii ya kupaka kwa brashi, siyo ya kopo. Anza na yule aliyeharibika zaidi, akikubali wengine watakubali.

#19 TarabushiNyekundu
Kuna wanaopaka mafuta ya zeituni kidogo kwa brashi, wanaacha nusu saa, wanafuta kwa kitambaa. Weupe unaondoka.

#20 DoktaTina
Unaondoka kwa sababu mafuta yanajaza mapengo, ni kile kipimo cha maji, tofauti yake hayakauki. Yanabaki humo, yanavuta vumbi, na vanishi utakayopuliza juu itajikunyata kama maji juu ya nta. Kwa kisanamu kitakachokaa kabatini, sawa. Kwa kisanamu kinachoshikwa na vidole kila wiki mezani, hapana.

#21 TarabushiNyekundu
Wapo waliofuta na sabuni nyepesi baadaye na vanishi ikashika.

#22 DoktaTina
Basi waliyafuta mafuta yenyewe na wakabahatika.

Kuhusu tina: kuna atakayekuambia puliza tina nyepesi juu ili vanishi iyeyuke na ijipange upya. Kwenye bodi ya gari ndivyo inavyofanywa, ila gari limepakwa rangi inayostahimili. Hapa chini una akriliki ya maji, tina itaila. Na kama kisanamu ni cha plastiki ngumu ya polistirini, tina itakula rangi na uso wa askari pamoja.

#23 Mnara1914
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Vitambaa vya miguuni vya bluu? Hawa si walivaa kaki juu hadi chini?

#24 FundiKalibu
Bluu iko sahihi kwa 1914. Askari wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki: sare ya kaki, tarabushi iliyovikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kufunika shingo, nembo ya ndege tai ya rangi ya fedha mbele, mkanda na vifuko vya risasi vya ngozi ya kahawia, vitambaa vya bluu kuanzia kifundoni hadi chini ya goti. Wenye vyeo wana alama nyekundu za umbo la V mkono wa kushoto. Ubishi uliobaki ni bluu ya namna gani, maana picha za wakati ule ni nyeusi na nyeupe. Wako wanaopaka bluu ya giza kabisa, wako wanaopaka ya kijivujivu. Kadiri vita ilivyoendelea sare zikaisha, watu wakavaa kilichopatikana, kwa hiyo kikosi cha 1917 unaweza kukichanganya utakavyo.

#25 Mnara1914
Shukrani. Na bunduki? Nimepaka zote za kisasa.

#26 FundiKalibu
Hapo angalia umbo lililochongwa. Kampuni nyingi za askari 1914 bado zilikuwa na bunduki za muundo wa 1871, baruti yake nyeusi, kila risasi wingu la moshi. Mezani ni faida na hasara: mpinzani anajua ulipo. Baada ya Tanga hali ikabadilika, walichoachiwa na Waingereza ni rashasha 16, mamia ya bunduki na risasi kama 600,000. Ukicheza mapambano ya baada ya Novemba 1914, mpe askari bunduki ya Kiingereza wala hujakosea.

Kwa moshi chukua sufi, ile ya mito, siyo pamba ya hospitali. Nyuzi za sufi ni nyepesi, unaivuta kidogo tu inakaa kama imeelea. Pamba inashuka na kuwa kitonge.

#27 WajaLeo
Tunatengeneza mezani vita ya siku moja kana kwamba ni ya mwaka.

#28 Mnara1914
Siku moja ipi, mkuu? Kikosi cha Jenerali Aitken wa Waingereza kilianza kushuka Raskazone, ufukweni hapa Tanga, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Novemba, tarehe 3 asubuhi wa mbele wakapigwa na kurudishwa, shambulio kubwa tarehe 4, tarehe 5 wakapanda meli. Yeye alikuja na watu kama 8,000, Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alikuwa na karibu 1,000, wengi wao wameletwa kwa reli kutoka Moshi. Kwa mchezo wa watu 10 kwa 10 unachagua kona moja tu: mashamba ya mpira na mkonge, au mitaani karibu na jengo la forodha ambako vikosi vya Waingereza vya North Lancashire na Kashmir Rifles vilifika.

#29 WajaLeo
Na nyuki waliowavamia wapiganaji je? Bila nyuki hiyo siyo Tanga.

#30 UpepoWaKusi
Nyuki wanawekwa kama alama juu ya kitako kimoja cha milimita 40, kikosi chochote ndani ya sentimita 15 kinapoteza zamu. Kuna aliyewatengeneza kwa ufuta uliobandikwa kwenye waya mwembamba.

#31 BintiChumbageni
Tupige hesabu. Mtu wa 28 mm ni kama mara 60 chini ya mtu halisi. Punje ya ufuta ni milimita 3. Mara 60 ni sentimita 18. Nyuki wa sentimita 18! Hata mimi ningerudi melini.
Tumia pilipili manga ya kusagwa, chembe moja haifiki nusu milimita, hapo nyuki atakuwa nyuki.

#32 Kiti_Mbele
😂😂 Uzi wa vanishi huu.

#33 MsusiWaRangi
Turudi. Mgosi ametaja nyuso kuwa mbaya kuliko sehemu nyingine, na hapo vanishi inaweza kuwa imeongeza tu kilichokuwepo. Nyuso uling'arisha kwa kuchanganya nyeupe?

#34 Mgosi_Ngamiani
Ndiyo, kahawia na nyeupe kidogo, ndivyo maelekezo mengi ya mtandaoni yanavyosema.

#35 MsusiWaRangi
Hayo maelekezo yameandikwa kwa ngozi za Ulaya. Kahawia ya giza ukiitia nyeupe inakuwa kijivu, askari anapauka kabla hata ya vanishi kumgusa. Fanya hivi.

Rangi ya kwanza: kahawia ya giza na bluu kidogo, sehemu 6 kwa 1. Usitumie nyeusi, inaua uso na macho yanapotea. Maji kiasi cha kufanana na maziwa, paka mara mbili, nyembamba. Ya pili: kahawia yenye wekundu, kwenye paji la uso, mashavu, mgongo wa pua, mdomo wa chini, vifundo vya vidole. Acha rangi ya kwanza ionekane kwenye macho na chini ya shavu. Ya tatu: ile ya pili ukaitia chungwa au manjano ya udongo, sehemu 3 kwa 1, vidoa tu: ncha ya pua, juu ya shavu, kidevu. Mdomo wa chini ongeza wekundu kidogo. Macho kwenye 28 mm usihangaike nayo, mstari wa giza chini ya tarabushi unatosha kwa mtu anayetazamwa kutoka nusu mita.

Na usiwape wote mchanganyiko mmoja. Kikosi cha 10 kigawe mara tatu: wengine ongeza bluu kwenye ya kwanza, wengine wekundu. Kilichotolewa kwenye kopo moja kinaonekana kimetolewa kwenye kopo moja.

#36 BagaBrashi
Hii ya chungwa badala ya nyeupe ingeandikwa juu kabisa ya uzi. Swali dogo: joto la mchana rangi inakauka kwenye brashi kabla ya kufika shavuni. Unafanyaje?

#37 MsusiWaRangi
Kifuniko bapa cha plastiki, tabaka mbili za tishu zilizoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi iweke juu ya karatasi. Maji yanapanda taratibu, rangi inabaki hai saa nyingi. Usifunike na kuiacha siku kadhaa, kwa joto letu itaota ukungu na kunuka. Badili tishu kila jioni.

#38 KataniKijani
Nimeona hakuna aliyegusa vitako. Mgosi, mchanga wa kitako umetoa wapi?

#39 Mgosi_Ngamiani
Raskazone, ufukweni.

#40 KataniKijani
Uliuosha?

#41 Mgosi_Ngamiani
Kwa kuuchekecha tu.

#42 KataniKijani
Subiri miezi miwili utafungua uzi mwingine. Mchanga wa bahari una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na ukikauka inapanda juu ya rangi ikiwa ukoko mweupe. Kama kitako ni washa ya chuma, kutu itafuata. Loweka kwenye maji matamu, koroga, mwaga, rudia mara 4 au 5, mara ya mwisho onja maji kwa ncha ya ulimi. Anika, kisha chekecha kwa chujio la chai. Chembe za nusu milimita ni kokoto za sentimita 3 kwa kipimo chetu, hizo zinapendeza. Vipande vya magamba vitoe, vinaonekana vile vile hata ukivipaka rangi.

Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji kidogo, ikikauka pitisha gundi nyepesi (1 kwa 3) juu yake ili chembe zisibanduke ukipiga brashi kavu.

Majani tuna utajiri wa bure mkoa huu: katani. Chana nyuzi kwa kitana, funga kishungi kinene kama njiti ya kiberiti, chovya ncha kwenye gundi ya mbao, ikishika kata urefu wa milimita 5. Toboa kitako tundu la milimita 1.5, ingiza. Rangi ya asili ya katani ni nyasi za kiangazi tayari, ukitaka za masika pitisha kijani kilichozimuliwa sana. Nyuzi za dukani za kijani kibichi zinafaa malisho ya Ulaya.

#43 UpepoWaKusi
Washa gani inafaa?

#44 KataniKijani
Ya boliti ya M12, nje ni milimita 24, karibu sawa na kitako cha 25. Nzito, askari haanguki. Tundu la katikati lizibe kwa puti. Vizibo vya soda navyo watu wanatumia, kama milimita 28 na nusu, ila ule ukingo wa meno unabidi ufichwe kwa puti, kazi mara mbili.

#45 Plastiki_Laini
Wenye visanamu vya kipimo cha 1/72 vya plastiki laini mko wapi? Rangi inabanduka ukigusa tu bunduki.

#46 FundiKalibu
Ile ni poliethilini, haishikani na karibu chochote, na inapinda wakati rangi haipindi. Gundi ya plastiki ngumu haifanyi kazi kabisa hapo kwa sababu inashika kwa kuyeyusha polistirini. Osha kwa sabuni na mswaki, kausha, pitisha gundi ya mbao iliyozimuliwa nusu kwa nusu mwili mzima, kisha rangi, kisha gundi tena. Unakuwa umekivisha kisanamu fulana inayonyumbuka. Mshono wa kalibu usiupige tupa, unatoa manyoya. Kata kwa wembe mpya.

#47 BintiChumbageni
Nimerudi na vijiko. Vijiko 4 vyeusi vya plastiki, kopo moja la vanishi isiyong'aa, sentimita 22, bila upepo. Kijiko A: kopo limetikiswa dakika 2, saa 6 mchana. B: limetikiswa dakika 2, jioni baada ya mvua. C: halikutikiswa, mchana. D: halikutikiswa, jioni.

A safi kabisa. C ana michirizi na madoa meupe. B ana ukungu mwepesi sawasawa kijiko kizima. D hafai kuangaliwa.

#48 DoktaTina
B ana ukungu na kopo lilitikiswa. Asante dada, kesi imekwisha.

#49 BintiChumbageni
C ana madoa na ilikuwa mchana mkavu. Na angalia D: ukiondoa kosa la kutotikisa anakuwa B, ambaye ukungu wake ni mwepesi. Wa Mgosi siyo mwepesi.

#50 UpepoWaKusi
Bila upepo, kwa umbali mmoja. Mmepima kila kitu isipokuwa nilichosema mimi. Na kijiko hakina mikunjo, BagaBrashi naye anadai.

#51 DoktaTina
Halafu kijiko ni plastiki, chepesi, kinapoa upesi. Askari wa bati ni mzito, joto lake haliondoki haraka. Kwa hiyo…

#52 BintiChumbageni
Kwa hiyo unyevu unapaswa kumuathiri kidogo kuliko kijiko. Endelea, nakusikiliza.

#53 DoktaTina
Isipokuwa alitolewa chumba chenye kiyoyozi akiwa baridi. Mgosi?

#54 Mgosi_Ngamiani
Feni tu hapa 😂
Nimejaribu ya BagaBrashi kwa mmoja. Vanishi ya kung'aa kwa brashi: bluu imerudi yote, uso umerudi karibu wote, mgongoni kwa yule anayekwaruza weupe umepungua haujaisha.

#55 UpepoWaKusi
Kwa sababu lile ni vumbi lililokaukia hewani. Msugue taratibu kwa mswaki mkavu laini kwanza, chembe zitoke, ndipo ya kung'aa.

#56 Mgosi_Ngamiani
Nitafanya hivyo. La mwisho: mmoja amekatika kifundo cha mguu nilipokuwa nasugua. Supagluu peke yake itashika?

#57 FundiKalibu
Hapana. Supagluu ina nguvu ukivuta, haina ukipiga kwa ubavu, na kifundo kinapigwa kwa ubavu kila ukimsogeza. Tia pini. Keekee ya mkono, biti ya milimita 1, tundu la kina cha milimita 3 kwenye mguu na 3 kwenye nyayo. Pini ni waya wa kibanio cha karatasi, unene wake unakaribia hapo hapo. Ili matundu yalingane, weka kidoa cha rangi kwenye ncha ya pini iliyokwisha ingizwa mguuni, gusisha nyayo, toboa palipochorwa. Zungusha biti bila kukandamiza, bati ni laini na linang'ang'ania; kila mizunguko michache toa, futa.

Chupa ya gundi ikishafunguliwa itie kwenye mtungi unaofunga pamoja na vile vifuko vya kuvuta unyevu vinavyokuja na viatu. Ukiiweka kwenye friji, iache ipate joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo unyevu unaganda ndani ya mdomo wa chupa.

#58 Mgosi_Ngamiani
Ahsante sana. Biti za milimita 1 kwa hapa mjini?

#59 KataniKijani
Mafundi saa wanazo. Wanaouza vifaa vya mafundi simu pia. Nunua kadhaa, zinakatika, na chukua na za 0.8 kwa ajili ya mikono.